Wifi, Daktari Anauliza Kuhusu Matubwitubwi

Chumba namba 6, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya soko la nguo.
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa Wifi,

Nakusalimu kwa jina la Mungu, maana kwa jina langu mwenyewe salamu ingegoma kutoka. U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua? Na watoto wako wanne hawajambo? Nimesema wanne kabla hujanikumbusha, kwa kuwa hakuna barua yako inayofika hapa bila kunihesabia. Sisi tu wazima. Mimi bado napiga pasi shuka za hoteli, na ndugu yako bado anatengeneza friji. Wateja wanamwita Barafu, na siku hizi jina limemkaa.

Barua uliyomwandikia nimeisoma. Alinipa mwenyewe, hakuificha. Umesema mkulima mwenye akili hapandi juu ya mwamba miaka kumi na miwili, na kwamba mwisho wa mwezi utamletea binti wa jirani yako, mpole, mcha Mungu, wa ukoo unaozaa. Siku ile nilikunja shuka arobaini na sikumbuki hata moja.

Sasa nisikilize. Mwamba umepimwa.

Mwaka jana, baada ya kufunga na kuomba mpaka magoti yakaota sugu, nilikwenda hospitali. Daktari ni mama mtu mzima, miwani kaining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Alinipima damu, akanipiga picha ya tumbo, akapitisha dawa kwenye mirija ya uzazi aone kama imeziba. Niliuma leso yangu ikatoboka. Mwisho akasema hanioni na kasoro, ila umri unakimbia, nimlete mume.

Ndugu yako alikataa miezi saba. Alisema yeye haumwi popote. Sikugombana naye, nilimuuliza tu, "Ukiletewa friji isiyogandisha, unapima friji peke yake, au na soketi ya ukutani?" Akavaa viatu.

Walimpima mara mbili. Mbegu haikuonekana hata moja. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi akiwa keshabalehe, uvimbe ukashuka mpaka kwenye korodani. Alijibu hapana, haraka kama mtoto aliyevunja kikombe. Tulipofika nyumbani akakaa katikati ya ngazi, watu wanatupita na ndoo zao, akaniambia, "Dada alinikataza nisimwambie mtu."

Unakumbuka, wifi? Alikuwa na miaka kumi na sita, mama yenu ameshafariki, mama alikuwa wewe. Anakumbuka mashavu kuvimba, na maumivu ya huko chini. Mengine homa imeyafuta. Daktari anataka kujua kama huko chini alivimba upande mmoja au pande zote mbili, na kwa siku ngapi. Anasema hata kwa mtu wa hali yake huenda mbegu ikapatikana kwa sindano, wakaiunganisha na yai langu hukohuko hospitali. Hakutoa ahadi. Ila anataka kujua aanzie wapi, na aliyeona kwa macho ni wewe peke yako. Miadi yetu ni tarehe ishirini na nane.

Sikuulizi kama siku zile zilikuwa zikikujia kila uliponiita tasa mbele za watu. Hilo utamjibu Mungu. Hili la daktari mjibu ndugu yako.

Na binti wa watu mwache kwao. Ukimleta, baada ya miaka kumi na miwili utakuwa unamwandikia na yeye habari za mwamba.

Mume wangu anajua nakuandikia. Amekaa pale mlangoni anafungua feni ambayo haijaharibika. Alianza mwenyewe kukuandikia mara tatu, akachana. Anaogopa utadhani anakulaumu. Mimi ndiye ninayekulaumu, yeye hapana. Kitu kimoja homa haikukifuta: kwamba aliposhindwa kutembea ulimbeba mgongoni mpaka chooni siku nne, na alikuwa amekuzidi urefu, miguu yake ikiburuta chini. Alinisimulia akicheka, halafu kicheko kikakatika.

Nimekuchukia, wifi, nakiri mbele za Mungu. Lakini siku nne hizo siwezi kukunyang'anya. Mwandikie. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye, kwa mkono wako, mambo yote kama yalivyokuwa. Mbebe mara moja tena.

Wasalimie watoto, wote wanne, na shemeji mwambie pole kwa mguu. Mungu akulinde mgongo, na kabla ya tarehe ishirini na nane akulainishie na moyo.

Ni mimi, ninayeomba kila asubuhi nipate kukupenda,

Mwamba.