Usizime

Dada,

Watoto hawajambo, ila kitinda mimba amesahau tena viatu garini. Gari lenyewe lilikufa stata, fundi naye kila siku ni kesho. Kwa hiyo wiki nzima niliwashusha watu injini ikinguruma: shuleni, mazoezini, sokoni. Nikizima, nani atanisukuma?

Mama nilimshusha hospitali vivyo hivyo, getini. Alisema, "Nenda mwanangu, usizime." Nikaenda. Kwamba uvimbe ni ule tuliouogopa, aliambiwa akiwa peke yake, mkoba mapajani.

Stata imepona. Jana nilimrudisha kwa daktari, nikazima gari, nikamfungulia mlango. Akaniuliza kwa upole, "Leo huna haraka?"

Nikambebea mkoba, tukaingia. Jibu nililopaswa kumpa nakuandikia wewe.

Mdogo wako,
dereva wa wote