Ganzi ya Mdomo Mezani kwa Afande

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi na barabara ya Ggaba ni tope tupu. Mimi sijambo, ila mdomo ndio ninaotaka kuuandika.

Kazi yangu ni kupika kwa Afande, mkubwa wa jeshi, hapa Kansanga. Kupika si kitu, nilijifunza tangu kwetu Kisumu. Kazi yenyewe ni kuonja. Chakula kikifika mezani, ninachota kwenye sahani yake, ninameza mbele yake, kisha ninasimama hapo hapo huku akivuta sigara. Sigara ikiisha nami bado nimesimama, anakula.

Leo ilikuwa samaki. Nilimnunua kwa Nalongo, yule mama wa mapacha anayeniwekea samaki wazuri kila ninapokwenda sokoni Ggaba.

Sigara haijafika nusu, nikahisi midomo inanichomachoma. Kisha ulimi ukafa ganzi, nikawa kama nimebeba kitambaa mdomoni.

Nilisimama wima. Nikaanza kutafuta sababu, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Pilipili? Sikutia. Karafuu? Zimeadimika dukani kama sukari, tangu Wahindi waondoke. Jino bovu? Liko upande mwingine. Samaki aliyelala? Macho yake yalikuwa maangavu, niliyaona mwenyewe. Ikabaki ile habari ya wavuvi wanaomwaga dawa ziwani ili wapate samaki bila jasho. Na ikabaki sumu.

Mpishi aliyenitangulia alisema nyama ina ladha ya dawa. Muuza nyama alichukuliwa siku hiyo hiyo. Mpishi naye akafuata, akaulizwe alijuaje. Hakuna aliyerudi.

Kwa hiyo nikisema, gari linakwenda Ggaba kumchukua Nalongo, nami ninafuata, na mapacha wanabaki yatima. Nikinyamaza na sumu ipo, nimekwisha kuimeza, tutakufa wawili, Afande na mimi. Niliona hesabu ya pili ina watu wachache wa kuliliwa. Mapacha hawamo.

Afande alizima sigara. "Wewe mpishi, iko namna gani?"

"Iko sawa, Afande."

Akala. Akaomba aongezewe ugali. Nilimwangalia akitafuna na sikuhisi huruma hata chembe. Hilo nalo naliandika.

Hakuna aliyekufa.

Jioni nilipita kwa Sista, muuguzi tunayepakana naye ukuta. Nilimwambia tu kwamba mdomo umekufa ganzi ghafla. Aliangalia midomo, haikuvimba. Akaangalia ngozi, haina vipele. Akauliza kama vidole navyo vilichomachoma. Nilikuwa nimesahau, lakini ndiyo, vilichomachoma. Akauliza nilikuwa ninapumuaje.

"Hiyo ni woga, mama. Mtu anapumua mbio mbio, mdomo inakufa, vidole inakufa. Sasa ninaona wengi, wale wanawake wanatoka kuuliza habari ya bwana zao walishikwa kule kambi."

Nilibisha. Nilimwambia mimi si mwoga. Alicheka, akanipa chai isiyo na sukari.

Sasa nimekaa kitandani nikiirudia siku nyuma, na ninaona Sista hakukosea. Midomo ilianza kuchomachoma Afande alipovuta kiti, si wakati wa sigara. Kijiko kilikuwa bado mkononi, sijaonja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi hata sijaumwa.

Basi samaki alikuwa mzima, na Nalongo yuko kwake na wanawe. Nimefurahi, nasema kweli. Ningesema, ningekuwa nimemuua kwa pumzi zangu mwenyewe.

Lakini nimewekwa pale kwa ajili ya ulimi huu, na ulimi umeanza kusema uongo. Siku sumu ikija kweli, itanikuta nimeshakufa ganzi, nami nitasema iko sawa.

Kesho ameagiza kuku.