Mtoto Ndani ya Friza

Machi 6

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linaninunia nikikaa sana kwenye cherehani. Wewe je, kifua kimepona?

Leo nina la kukugombeza. Jana jioni tulijazana, wakubwa kwa watoto, kwa jirani yangu msusi kutazama tamthilia yako. Nikajitapa, "Hii imeandikwa na binti yangu!" Mara yule mtoto akajificha kwenye friza mbovu, mfuniko ukamfungia, sisi tunamwona humo ndani kweupe anagonga, mama yake anapita anaita, hamsikii. Halafu ikaishia hapo hapo! Ndiyo nini sasa? Msusi alizima televisheni, watu wakatoka bila hata kuniaga. Mwanangu, mambo ya watoto hayachezewi hivyo. Andika harusi. Andika wachumba wanaogombana.

Mama yako

Machi 14

Mama kipenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona. Pole na goti, weka mto kwenye kiti.

Usinikasirikie. Friza ile tuliikata ubavu, na mtoto alikuwa humo anakula biskuti, anacheka mpaka tukarudia mara tisa. Ila kisa sikukiota. Nilisimuliwa na fundi wa majokofu anayekaa chini yangu. Aliwahi kufungua friza iliyotupwa, akamkuta mtoto. Alikuwa amechelewa. Tangu aliponisimulia, kisa hicho siwezi kukiweka kifuani peke yangu.

Jumapili iliyopita mtoto wa tamthilia yetu aliokolewa. Ulimwona? Au bado umenuna?

Binti yako

Aprili 9

Mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya, hata kalamu nilikuwa siwezi kushika.

Sikumwona akiokolewa, msusi alisema tamthilia hiyo haiwashwi kwake tena. Sasa Alhamisi moja mwezi uliopita, mchana, akamwita binti yake, yule mdogo tunayemwita Kidoti, aje kula. Kimya. Watoto wenzake wakasema walikuwa wanacheza kujificha. Mimi nikashika njia ya barabarani, naita. Msusi akasimama ghafla, kitana mkononi, akanidaka mkono: "Mama, friza!"

Anayo moja mbovu nyuma ya saluni, anawekea nywele za bandia. Tulikimbia, na goti langu hili hili. Tulipoinua mfuniko alikuwa amelowa chapachapa, midomo imepauka, anahema kwa shida. Daktari alisema dakika chache tu zaidi, tungekuwa tunaongea mengine. Jioni ile fundi wa vyuma aling'oa mifuniko ya friza mbovu za mtaa mzima. Tano, mwanangu! Tulikuwa tunazipita kila siku.

Msusi sasa ananisuka kila Jumamosi, na mvi zangu hizi, anasema salamu zikufikie kwa mikono miwili. Anataka kujua Jumapili kuna nini.

Kidoti mzima kabisa. Yuko hapa miguuni pangu, anaokota pini kwa sumaku. Nimemuuliza, "Namwandikia yule aliyetunga friza ya televisheni. Nimwambie nini?"

Akafikiri kidogo. "Mwambie alikosea, bibi. Ndani hakuna mwanga."

Nimemwahidi nitaliandika kama alivyolisema.

Mama yako