Nilimwambia Shangazi Kwapani ni Safi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijarukwa na akili. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za MRI hospitalini, ile mashine ya sumaku inayogonga kama mafundi bati, na juzi aliyeletwa ni shangazi yangu mshonaji, aliyenilea tangu mama afariki, ana saratani ya titi na daktari alitaka kujua kama imefika kwenye tezi za kwapani, basi nikamvua bangili huku tukitaniana, nikamlaza kifudifudi, picha zikaanza kuingia, na, mshauri, kwapa moja lina tezi mbili zimevimba, hazifanani kabisa na za upande wa pili. Aliposhuka akaniuliza, "Mwanangu, kuna kitu?" na mdomo wangu, sijui ulitumwa na nani, ukajibu, "Hakuna, shangazi, ni safi." Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Sasa ametangazia ukoo mzima kwamba amepona na kwa daktari haendi wiki ijayo, eti, "Nifuate nini, na mtoto wangu ameshaona?" Nikisema ukweli atanichukia, nikinyamaza nitamuua. Nifanyeje?

Mpiga Picha

Binti yangu, barua yako niliisoma nimekaa, nikajikuta nimesimama. Pole. Kumwona aliyekulea kwenye kioo cha mashine ile si mchezo. Lakini umefanya nini wewe! Kupiga picha ni kazi yako, kuisoma ni ya daktari. Hukuwa na haki ya kusema "safi", na sasa huna haki ya kusema "imesambaa". Tezi huvimba kwa mengi. Madaktari wakizitilia shaka watachoma sindano, watoe kipande wakapime. Nilimpigia daktari wa saratani ninayemfahamu, akanikatiza: "Mwambie amlete! Hata ikiwa imefika kwapani, mara nyingi tunatibu. Asipokuja, nimtibu nani?"

Umesikia? Shangazi usimpigie simu. Nenda kwake leo, mwambie, "Shangazi, niliogopa, nikakudanganya. Majibu anayo daktari." Akifoka, nyamaza. Akilia, usiondoke. Kazini mweleze mkuu wako ulichosema, kabla hajakisikia kwa mwingine. Na siku ya miadi uwe mlangoni kwa shangazi mapema, umpeleke, hata kama njia nzima hakusemeshi.