Mwisho Niliouchora Ukutani

Mjukuu wangu Yona,

Marahaba, mume wangu. Hapa Haneti tumevuna uwele kiasi, na goti la mama yako limepona.

Unauliza kama uachane na katuni za zamani kwa kuwa mwalimu wako wa chuo anaziita takataka. Takataka! Nilipokuwa msichana, pale Kibaigwa karanga zilifungwa kwa kurasa za majarida ya katuni. Nilikuwa nanunua karanga nisizozitaka ili nipate kurasa. Lakini kila hadithi ilikatikia patamu: jambazi kainua panga, basi. Siku moja nikachukua mkaa, nikachora mwisho wangu kwenye ukuta ambao baba alikuwa ameupaka chokaa kwa ajili ya wageni wa posa yangu.

"Futa!" akafoka.

"Nitafuta ukinionyesha mwisho mwingine."

Akaenda zake, mchoro ukabaki. Wageni walipofika, kijana mmoja alisimama mbele ya ukuta ule akicheka mpaka akasahau kusalimia. Huyo ndiye babu yako.

Juzi mjomba wako kaniletea jarida lenyewe la hadithi ile, zima. Nimesoma mwisho wa kweli.

Wangu ni mzuri zaidi. Kamwambie mwalimu wako.

Bibi yako,
Dorika