Nafasi ya Waache

Baba Neema,

Ulizoea kunitania kwamba hata barua naiandika kama habari ya gazeti: tukio kwanza, salamu baadaye. Basi tukio ni hili. Waache alikufa wakati wa mavuno, miezi michache baada ya kukuzika wewe. Ulikuwa ugonjwa wa kupe. Daktari wa mifugo alikuja, akamchoma sindano, haikusaidia. Waseme akabaki peke yake zizini, nami nikabaki na jambo moja la kuamua: nimfanyeje.

Unakumbuka walivyopata majina? Walipofika hapa Mollo wangali ndama, majirani walikuwa wakiuliza ni mwanaume gani anayebaki kulima huku mkewe anazunguka mkoa mzima na kamera. Ukawaita Waache na Waseme. Asubuhi za kulima ulipaza sauti makusudi, mtaa wote usikie: "Waache! Waseme! Twende!" Mimi nilikuwa ndani nachemsha chai, nacheka.

Kazini nilipiga picha ng'ombe wengi, wa mnadani, wa foleni ya chanjo, wa Wasukuma waliohamia Ilemba. Nilikuletea za kwanza nikiona nimeweza. Ulizitazama, kisha ukacheka mpaka ukakohoa. "Umemkata miguu. Huyu ni ng'ombe au kochi?" Tangu siku hiyo nachuchumaa, na hakuna mnyama aliyetoka kwenye kamera yangu bila kwato.

Picha ya hawa wawili tuliipiga kila mwaka kabla ya mvua za kwanza. Uliwasugua kwa maji ya uvuguvugu kwa ajili ya baridi yetu hii, ukawapaka pembe mafuta ya alizeti, ukawasimamisha kwenye nguzo ya mkaratusi: Waseme kulia, ndiye aliyetembea ndani ya mtaro wa jembe, na Waache kushoto, juu ya ardhi ambayo haijalimwa. Kisha ukajitoa pembeni.

"Na wewe je?" niliuliza kila mwaka.

"Mimi wa nini? Piga wanaofanya kazi."

Ndiyo maana leo nikitafuta sura yako napata mkono ulioshika kamba, kiwiko, ukingo wa kofia. Picha za ng'ombe ninazo nyingi. Zako ni chache, tulizopigwa pamoja na wengine, na karibu zote umesimama kushoto kwangu, unatazama kwingine.

Mwezi uliopita mdogo wako alipita hapa. "Shemeji, maksai mmoja ni wa nini? Halimi, anakula tu. Kuna dalali anapeleka mifugo Kasesya mpakani, mtumie picha." Alisema kweli. Nilimsugua Waseme, nikampaka mafuta. Nikamsimamisha mbele ya ukuta ili aonekane vizuri. Akarudi kwenye nguzo, upande wake wa kulia, akaacha nafasi. Nikamvuta tena. Akarudi tena. Nikamwacha, nikachuchumaa, nikapiga. Ni picha nzuri. Kwato zote zinaonekana. Nusu yake haina kitu.

Dalali alijibu upesi. "Mama, mbona umeacha nafasi? Mwingine yuko wapi?"

"Alikufa."

"Basi huyo ni wa nyama."

Swali lile nimeulizwa sana mwaka huu. Mwenzako yuko wapi? Benki wameniuliza, kanisani wameniuliza, hata fundi aliyekuja kubadilisha bati. Siku zote nimejibu kwa neno moja na kuendelea na shughuli. Safari hii niliilaza simu kifudifudi mezani, nikatoka nje.

Baadaye niliituma picha ileile kwa Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma wa ng'ambo ya kijito. Hakuandika, alipiga simu.

"Mama Neema, huyo si wa kulia huyo? Tazama alivyosimama!"

"Ni wa kulia."

"Sasa wangu wa kulia amevunjika mguu. Wa kushoto anashinda hapa anakula mahindi ya watu na kunigombanisha. Ukimpa dalali nitakununia mpaka Krismasi. Mlete tuone kama watapatana. Wakipatana abaki, nami nitalima shamba lako kwanza ndipo nilime langu."

"Na wasipopatana?"

"Basi mpigie dalali wako."

Unajua mwenyewe maksai aliyekwisha kuzeeka na mwenzake anavyoweza kumkataa mgeni. Asubuhi ya leo nilimpeleka, upepo ukitupiga usoni njia nzima. Wa Mama Kulwa ni mweupe mwenye madoa, mkubwa kuliko Waache. Waseme alimnusa, akatikisa pembe, akarudi nyuma. Nilikuwa na namba ya dalali kwenye simu. Kisha Waseme akasogea mwenyewe upande wa kulia wa nira, akainamisha shingo kama alivyokufanyia wewe, na yule mgeni akaingia kwenye nafasi iliyobaki. Walikwenda hadi mwisho wa shamba na kurudi. Mtaro ulipinda kidogo. Ungeusema.

Niliwapiga picha. Mama Kulwa akaninyang'anya simu. "Haya, na wewe simama hapo, upate ya kumbukumbu. Sogea basi katikati! Mbona umejibana pembeni, unamsubiri nani?" Nilisogea, au nilidhani nimesogea.

Nimerudi nyumbani, nimefagia zizi ambalo halina mnyama, nimekaa kuzitazama picha. Ya kwanza imejaa, maksai wawili na kwato zao zote. Ya pili ni mimi mbele ya shamba lililolimwa. Nimesimama kulia. Kushoto kwangu kuna nafasi ya mtu mmoja.

Neema akiiona atasema niikate ikae vizuri. Sitaikata.

Pumzika. Kesho wanaanza shamba letu, na nitatoka kuwaita kwa sauti.

Ni mimi,
Mama Neema