Dume Amenibana Ukutani, na Neno Lenyewe Siwezi Kumtamkia Baba Mkwe

Mama Efrazia, shikamoo. Naomba msaada wako, na naandika nikiwa nimeketi juu ya mzigo wa majani kwa sababu nikisimama mbavu zinauma na nikilala zinauma zaidi.

Mimi ni mke wa mtu hapa Kwai, tunalima kabichi na viazi na tunafuga ndani ya banda kama watu wote wa huku milimani, ila ng'ombe tunayemfuga si wetu, ni wa shemeji yangu Martin, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Tanga mjini. Alitufugisha kwa utaratibu ule wa siku zote, maziwa na mbolea vyetu, ndama wake, mpaka siku atakapoamua kutuachia mtamba mmoja. Sina ugomvi na hilo. Shida ni kwamba yule ng'ombe alizaa dume, na hapa kwetu mnyama wa mtu humkati kitu mwenyewe akiwa hayupo, kwa hiyo tukasubiri Martin aje amwone ndama ndipo ahasiwe, akasema anakuja Pasaka, hakuja, akasema Krismasi, hakuja, na ndama hajui sikukuu, yeye anakula majani ya gwatemala ninayomkatia mimi kwenye makingamaji ya shamba na kunenepa shingo.

Utaniambia niseme na baba mkwe, Mzee Kornelio, kwa sababu ndiye mwenye kauli nyumbani. Mama, nitasemaje? Mkamwana hazungumzi na baba mkwe habari za makende, hata yakiwa ya ng'ombe. Kwa hiyo maneno nampa mume wangu Bryson ayapeleke, na yakiwa mikononi mwa Bryson yanapungua njiani. Juzi nilikuwa jikoni nikawasikia.

"Baba, Jenipher anaulizia huyu dume."

"Anaulizia nini?"

"Anasema amekua."

"Mwambie nimeshukuru. Majani anayomkatia ni mazuri."

Ikaisha hapo, wakahamia habari za kwaya. Na mzee hana haraka, kwa sababu dume amempa cheo. Watu wanapandisha ng'ombe wao walio kwenye joto mpaka kwetu, wanamwamkia kwa adabu zote, wanamwita Mzee wa Mbegu, naye anatoka na fimbo yake kama anakwenda kufungua mkutano. Anayeingia bandani kulisha, kunywesha na kutoa mbolea ni mimi.

Jumamosi nilipoinama kuzoa mbolea dume akanigandamiza kwenye mabanzi ya ukuta. Hakuwa anacheza. Alinibana akatulia, kama mtu anayesikiliza, na mimi pumzi haiingii wala haitoki. Nilipona kwa sababu banzi lilivunjika nikaangukia nje kwenye lundo la samadi. Bryson aliniosha, akanisindikiza zahanati, na njiani akaniomba nikiulizwa niseme nimeteleza na mzigo wa majani, tusimwaibishe mzee. Nikasema nimeteleza. Bombani wanawake wanajua ukweli, na Halima akaniuliza, "Jenipher, hebu tuambie, unayetaka ahasiwe ni ng'ombe au ni Bryson?" Wakacheka, na mimi nikacheka, mbavu zikanitoa machozi.

Sasa yule ng'ombe amezaa tena, na amezaa dume tena. Nikimwangalia huyu mdogo anavyonyonya kidole changu naona kila kitu kinaanza upya na nachoka kabla hakijaanza. Bryson anasema atanunua mipira ile ya kuhasia, inayobana mpaka damu isipite, amvalishe yule mkubwa mwenyewe, kimyakimya. Kuna fundi wa kuhasi huku anaitwa Nassoro, ana koleo lake, nilimweleza akaniambia, "Mama, huyu mdogo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Huyo mkubwa nahitaji wanaume wanne na Mungu. Mzee akisafiri nipigie." Na mzee anakwenda Bungu kwenye harusi ya mjukuu. Je, nimpigie Nassoro? Nimechoka, Mama, hata kuogopa nimechoka.

Jenipher, Kwai, Lushoto

*

Marahaba, Jenipher, na pole. Nimesoma barua yako nikachoka pamoja na wewe, maana ni kama niliyoijibu mwaka jana na nitakayoijibu mwakani. Nimesoma pia vitabu vizima vinavyosifu ufugaji wa bandani kwamba umemkomboa mwanamke wa milimani. Walioviandika hawakubeba gwatemala kichwani, wala hawakuwahi kubanwa kwenye mabanzi.

Tuanze na nyumba yako. Humo ndani kila mtu ana heshima inayolindwa. Ya Martin inalindwa kwa kutomgusa mnyama wake. Ya mzee inalindwa kwa wewe kudanganya zahanati. Ya Bryson inalindwa kwa kutomsumbua baba yake. Mbavu zako pekee ndizo hazina mlinzi, na wewe mwenyewe ulipofika mbele ya mtu aliyetaka kukutibu ukazisaliti. Rudi zahanati useme umebanwa na dume, wakupime kama mtu aliyebanwa na dume. Mtu aliyeteleza hupewa dawa ya maumivu akaambiwa apumzike, lakini ubavu uliovunjika unaweza kutoboa pafu.

Sasa desturi. Sitaitukana, kwa sababu ni nzuri: mnyama wa mtu asikatwe bila mwenyewe kujua. Iliwekwa ili mfugaji asichezee mali ya mwenzake. Lakini wazee walimtaka mwenyewe aje kwa sababu bila kuja asingejua. Martin ana simu. Kumsubiri apande mlima ndipo ajue jambo linaloelezwa kwa maneno matatu ni uvivu uliovalishwa joho la mila, na Mzee Kornelio analijua hilo vizuri kuliko wewe na mimi. Amelinyamazia kwa sababu anaamkiwa vizuri.

Kwa huyo mdogo, Bryson ampigie kaka yake mchana, sauti iwekwe nje, mzee akiwa ameketi hapohapo, aseme: "Kaka, umepata dume, tutamhasi akifikisha mwezi na kidogo." Asiombe ruhusa kwa mafumbo, atoe taarifa. Hapo ndama anakuwa na mishipa inayoshikika vizuri kwa vidole, na bado ni mdogo wa kubebwa na mtu mmoja. Asivuke miezi mitatu. Nassoro aje na koleo lake asubuhi ya siku kavu, mbele ya watu, ahakikishe makende yote mawili yameshuka, abane kila upande peke yake. Koleo zuri linaponda mishipa bila kupasua ngozi, kwa hiyo hakuna kidonda cha kuita nzi. Atavimba kidogo na kutembea kwa kujivuta, ni kawaida. Akiacha kunyonya, mwiteni bwana mifugo wa kata, msimwite mjomba mwenye uzoefu.

Mipira ya Bryson irudi dukani. Ile ni ya kichanga wa siku za mwanzo. Ukimvalisha dume mwenye shingo utaishi na mnyama anayeoza angali hai, mwenye harufu, mwenye pepopunda, na mwenye hasira ambayo hajawahi kuwa nayo. Na atakayempelekea majani katika hali hiyo si Bryson.

Kuhusu kumwita Nassoro kwa siri mzee akiwa Bungu, jibu ni hapana, na usinijie na machozi. Ng'ombe mkubwa akivuja damu akafa mikononi mwenu, habari itakayozunguka Kwai haitakuwa kwamba ulibanwa. Itakuwa kwamba mke wa Bryson aliua ng'ombe wa shemeji yake, na utaibeba mpaka uzeeni. Tena huyo Nassoro ameshakuambia anahitaji wanaume wanne. Unadhani mzee akiwa harusini hao wanne watatoka wapi? Atakayeshika kamba ni wewe, na mbavu hizohizo.

Barua yako inatafuta namna ya kumhasi yule mkubwa. Nakujibu usichouliza: muda wake ulipita. Mtaalamu anaweza kumhasi kwa ganzi na kisu, ndiyo, lakini dume aliyekwisha kujifunza kwamba mtu anasukumika hasahau kwa sababu amekatwa. Hatakuwa mpole kesho yake, na pengine hata mwakani. Atoke hapo. Martin amchukue au amuuze, na hilo lisemwe kwenye simu ileile, baada ya habari za mdogo, na Bryson asilipunguze hata neno. Bryson, najua na wewe unasoma ukurasa huu. Ulimwosha mkeo samadi kwa mikono yako. Huna haja ya kuelezwa zaidi.

Zinazobaki ni siku za katikati, kabla dume hajaondoka, na hizo ndizo zinazoua watu. Jenipher, hutaingia tena bandani mwa dume huyo. Kumtamkia baba mkwe hilo neno hulazimiki, liache. Kesho asubuhi kata majani kidogo, kadiri mbavu zinavyoruhusu, yatue nje ya mlango wa banda, kisha piga goti kama ulivyofundishwa na useme, "Shikamoo, baba. Majani ya dume haya hapa." Halafu geuka uende kukamua, na usiangalie nyuma kuona nani ameingia.